Laptopu nyepesi, yenye nguvu, inayodumu na chaji: amua unachohitaji kabla hujafika dukani

Mtu akikuambia "laptopu yangu nzito", muulize tena ana maana gani. Huenda mkoba unamkata bega akiwa amesimama kwenye daladala kutoka Mbagala. Huenda pia akibofya faili la Excel anaweza kwenda kubandika chai, akarudi na faili bado halijafunguka. Neno letu ni moja, mambo ni mawili, na wanunuzi wengi huyachanganya dukani vilevile. Wanaamini kidude kikubwa kina nguvu na chembamba ni cha urembo. Jambo la tatu, yaani muda wa betri, hulikumbuka siku umeme unapokatika.

Kazi yangu ni kusimamia timu zinazokusanya takwimu vijijini. Mwaka 2019 nilinunua laptopu ya inchi 15.6 yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i7 na kadi ya michoro, ile ya kusaidia kazi za picha na video, kwa sababu muuzaji aliniambia ndiyo kali kuliko zote alizokuwa nazo, na kweli ilikuwa kali. Safari ya kwanza tulikwenda wilayani Kilosa. Saa tatu asubuhi nilikuwa na chaji asilimia mia, saa nne na nusu kioo kikazima. Vijana kumi na wawili walikuwa wamesimama chini ya mwembe wakisubiri niwagawie orodha za kaya, na soketi ya karibu ilikuwa umbali wa saa nzima kwa pikipiki. Tangu siku hiyo, kila mwenzangu anayetaka kununua laptopu namsindikiza, na hatutoki nyumbani mpaka tupitie hatua hizi.

Hatua ya 1: Andika siku yako ilivyo

Usianze na bei, wala usianze na jina la kampuni. Chukua karatasi ujibu maswali matatu kwa ukweli.

Kwa siku ya kawaida, unakaa saa ngapi mfululizo bila soketi? Hesabu saa ambazo laptopu inawaka. Zile ambazo imelala mkobani hazihusiki.

Unaibeba mara ngapi kwa wiki, na kwa usafiri gani? Kilo mbili na nusu ndani ya gari lako ni kitu kidogo. Kilo hizohizo mgongoni, juu ya bodaboda, siku tano kwa wiki, ni habari nyingine kabisa.

Kazi yako nzito kuliko zote ni ipi, na unaifanya mara ngapi? Swali hili ndilo linalookoa fedha nyingi. Mwalimu anayeandika maazimio ya kazi na kuonyesha slaidi hana kazi nzito hata moja. Mhasibu wa duka la jumla anafungua majedwali makubwa na mfumo wa hesabu, lakini kazi hiyo inataka RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayobeba ulivyofungua, kuliko prosesa. Msanifu majengo anayechora kwa vipimo vitatu na mpiga video wa harusi wanafanya kazi nzito kweli, na wanaifanya karibu kila siku. Mwanafunzi wa takwimu anayeendesha uchambuzi mkubwa mara mbili kwa muhula anaweza kuiacha mashine ichemke usiku huku yeye amelala. Huyo hana haja ya kubeba mzigo mwaka mzima kwa ajili ya usiku wawili.

Majibu yakionyesha kwamba laptopu haitatoka mezani kabisa, kama ilivyo kwa wenye stesheneri wengi, basi usinunue laptopu. Nunua kompyuta ya mezani na UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme unapokatika. Kwa fedha ileile utapata nguvu zaidi, na ikiharibika fundi wa mtaani ataitengeneza kwa urahisi.

Sababu ya kuandika yote haya ni kwamba nguvu, wepesi na chaji vinagombea shuka moja. Prosesa kali hula umeme na kutoa joto. Joto linataka feni na vyuma vya kulipoza, navyo vinaongeza unene na uzito. Betri kubwa nayo ni uzito. Ukivuta shuka upande mmoja, upande mwingine utabaki wazi, na karatasi yako ndiyo itakayokuambia ni upande upi unaoweza kuvumilia baridi.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma jina la prosesa

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Mazungumzo ya Kariakoo huwa hivi:

"Bosi, hii chukua, i7 hii. Ile uliyoshika ni i5 tu."

"i7 ipi, kaka?"

"i7, bosi. Ndiyo ya mwisho."

i5 na i7 ni majina ya prosesa za kampuni ya Intel. i7 peke yake haikuambii chochote. Tazama namba ndefu inayofuata na herufi ya mwishoni. Kwenye i5-8250U, tarakimu 8 ya mwanzo inaonyesha kizazi cha nane. Kwenye i7-7500U, tarakimu 7 inaonyesha kizazi cha saba. Sasa sikiliza: i7-7500U ina viini viwili vya kufanyia kazi, na i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ina vinne. Hiyo "i5 tu" inaishinda ile i7 kwa mbali kazi zikiwa nyingi kwa pamoja, na zote mbili zimeundwa kwa kiwango kilekile cha wati 15. Kuanzia kizazi cha kumi namba hurefuka: i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11, na i5-1235U ni ya kizazi cha 12.

Herufi ndiyo inayosema tabia ya mashine. U ni prosesa ya kubana matumizi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya wati 15. H ni ya nguvu, kwa kawaida wati 45. Prosesa za H zinafaa kwa video, michoro ya majengo na michezo. Kwa kuandika na kusoma barua pepe ni sawa na kuendesha lori kwenda kununua kiberiti. P, iliyokuja na kizazi cha 12, imekaa katikati kwa wati 28. AMD, washindani wa Intel, nao wanatumia U na H kwenye prosesa zao za Ryzen kwa maana inayokaribiana na hiyo. Tangu mwishoni mwa 2023 Intel wameanza kuuza prosesa zinazoitwa Core Ultra bila ile i, lakini herufi za mwisho bado zinakusaidia kujua nani mlaji na nani mbanaji.

Kizazi kina umuhimu mwingine. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache sana za kabla ya hapo, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana soko la mitumba limejaa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 kwa bei ya kuvutia, kwa kuwa ofisi za ng'ambo zinazitoa. Ukitumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, nunua kwa amani. Ukitumia Windows, kizazi cha 8 kiwe mstari wako wa chini.

Kuna mtego mwingine kwenye laptopu mpya za bei ya chini kabisa, zile zilizofungwa kwenye boksi linalong'aa. Fungua macho ukiona prosesa ya Celeron. Celeron N4020, kwa mfano, ina viini viwili tu, na mara nyingi huwekwa pamoja na RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC (aina ya bei nafuu na ya polepole) ya GB 64, ambayo Windows peke yake huijaza nusu. Ni nyepesi mkononi na inakaa na chaji, lakini itakuwa nzito kwa ile maana ya pili kuanzia siku ya kwanza. Kwa fedha za aina hiyo, mimi nitachukua mtumba wa ofisi wenye i5 ya kizazi cha 8 bila kusita.

Hatua ya 3: RAM na hifadhi

Hapa sina maneno mengi. Hifadhi, yaani mahali faili zinapokaa, iwe SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski ya zamani inayozunguka usiikubali hata ukipewa bure, kwa sababu ndiyo inayoifanya laptopu nzuri ionekane imezeeka. RAM iwe GB 8 kwa uchache, na GB 16 kama huwa unafungua kurasa ishirini za intaneti huku jedwali kubwa liko wazi.

La muhimu zaidi ni kujua kama RAM inaongezeka. Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyochomewa kwenye ubao, kwa hiyo ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye sehemu ya utendaji, kisha uchague kumbukumbu. Utaona nafasi za RAM ni ngapi na ngapi zimetumika. Ukikuta nafasi mbili na moja iko wazi, unaweza kununua GB 8 leo na kuongeza nyingine mwakani.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya betri mwenyewe

Muuzaji akisema "hii inakaa saa nane", amekupa tamaa. Saa nane za kufanya nini, na kioo kikiwa na mwanga kiasi gani? Hesabu yake ni rahisi, na ukiijua hakuna atakayekudanganya tena.

Ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa, na huandikwa Wh kwenye betri yenyewe au kwenye maelezo ya mtengenezaji. Matumizi ya laptopu hupimwa kwa wati. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, upate saa. Laptopu ya inchi 14 yenye prosesa ya U, ukiandika na kusoma huku mwanga wa kioo ukiwa wa wastani, kwa kawaida hutumia kati ya wati 6 na 10. Betri ya Wh 50 ukigawanya kwa 8 unapata saa sita na robo. Laptopu ya michezo yenye prosesa ya H na kadi ya michoro inaweza kutumia wati 15 hadi 20 hata ukiwa unaandika barua tu, hivyo Wh 50 zilezile zinakuwa saa mbili na nusu au tatu. Ukianza kutengeneza video, gawanya kwa 50. Saa moja imekwisha. Nilichokiona Kilosa kilikuwa hesabu tu, wala hakikuwa ubovu.

Sasa ongeza umri. Betri za lithiamu huchoka kwa kuchajiwa mara nyingi, na huchoka haraka zaidi kwa joto. Betri ya mtumba iliyobaki na asilimia 60 ya uwezo wake inageuza Wh 50 kuwa 30, na saa zako sita zinakuwa chini ya nne. Habari njema ni kwamba laptopu yenyewe inaweka kumbukumbu ya haya. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha bonyeza Enter. Itakutengenezea faili na kukuonyesha limehifadhiwa wapi. Humo tafuta namba mbili: uwezo betri ilipotoka kiwandani, na uwezo inaojaza sasa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Mimi chini ya asilimia 80 naomba bei ishuke, na chini ya 60 nahesabu kwamba nanunua na betri mpya juu yake.

Kwenye MacBook, shikilia kitufe cha Option, bofya alama ya tufaa, fungua taarifa za mfumo, halafu nenda sehemu ya umeme. Utaona imechajiwa mizunguko mingapi. MacBook za miaka ya karibuni zimepangiwa mizunguko 1000.

Mambo mawili hula chaji na watu huyasahau. La kwanza ni kioo. Kioo cha 4K, chenye nukta nyingi sana, kwenye laptopu ya inchi 13 au 14 kinapunguza saa za betri kwa faida ambayo macho hayaioni. FHD, yaani 1920 kwa 1080, inatosha. Kwa mtu wa kazi za nje kama mimi, ni bora kutafuta kioo chenye mwanga mkali, niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 300 na kuendelea, kwa sababu kile cha niti 220 ukikaa nacho barazani mchana hukioni. La pili ni programu zinazojiwasha zenyewe laptopu inapoamka. Zizime.

Halafu tazama namna ya kuchaji. Siku hizi hiki ni kipengele changu cha kwanza kwa mtu anayesafiri. Laptopu inayochajiwa kwa USB-C unaweza kuichaji kwa chaja ya gari ya wati 65, kwa pawabenki yenye wati za kutosha, au kwa chaja ya mwenzako. Nusu ya tatizo la betri imekwisha hapo. Ile yenye chaja yake ya pekee ya wati 230, ukiisahau chaja hiyo Dodoma umekwama.

Hatua ya 5: Pima uzito wa mkoba mzima

Uzito unaoandikwa na mtengenezaji ni wa laptopu ikiwa uchi, tena mara nyingi ni ule wa toleo jepesi kuliko yote. Wewe utabeba na chaja, na waya wake, na pengine kipanya. Chaja ya USB-C ya wati 65 inaingia mfukoni. Chaja ya laptopu ya michezo huongeza nusu kilo na zaidi, na ukubwa wake unakaribia tofali la kuchezea watoto. Ukilinganisha mashine ya kilo 1.4 na ya kilo 2.4, tofauti halisi mgongoni inaweza kufika kilo moja na nusu.

Jaribio langu ni la kawaida tu. Weka mfuko wa unga wa kilo mbili kwenye mkoba wako, pamoja na vitu vyako vya kila siku, uende nao kazini kwa siku mbili. Jioni ya pili bega lako litakuwa limeshajibu.

Inchi 14 ndiyo saizi ninayowapendekezea wengi. Inchi 13 ni tamu kubeba, lakini majedwali mapana yanakuwa taabu. Inchi 15.6 mara nyingi ina kibodi yenye tarakimu pembeni, na mhasibu ataipenda, ila kwenye mikoba mingi haikai vizuri. Kwa anayesafiri kwa ndege, kumbuka kwamba betri hadi Wh 100 huruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi, na laptopu za kawaida zote ziko chini ya hapo.

Hatua ya 6: Sasa tazama mashine zenyewe

Ukiwa na karatasi yako, orodha inajifupisha. Nitataja ninazozijua kwa kuzishika.

Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ndiyo ninayotumia hadi leo vijijini. Ina betri mbili: ya ndani ya Wh 24, na ya nje inayochomolewa, ambayo inapatikana kwa ukubwa tofauti hadi Wh 72. Unaweza kuchomoa ya nje na kuweka nyingine huku unaandika, wala laptopu haizimi. Inachajiwa kwa USB-C, na ina nafasi mbili za RAM. Ubaya wake ni kwamba kwa betri ile kubwa inakuwa na nundu chini na inakaribia kilo mbili. Mimi niko tayari kubeba nundu hiyo, kwa sababu siku ya kazi inaisha kabla ya chaji. Toleo lililofuata, T490, liliondoa betri ya nje, kwa hiyo usidhani namba kubwa ni bora kwa kila mtu. Wala usiichanganye na T480s, ambayo ni nyembamba na ina betri moja tu.

Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5 ni za rika hilohilo, kizazi cha 8, na zinajaa Kariakoo na kwenye maduka ya Moi Avenue jijini Nairobi. Ya Dell ni kama kilo 1.4 na unaweza kuipata na betri ya Wh 60. Ya HP ni kama kilo 1.5 na betri ya Wh 50. Zote zina nafasi mbili za RAM na zinachajiwa kwa USB-C. Kwa mwanafunzi wa chuo, mwalimu au afisa wa shirika, ningetafuta moja kati ya hizi mbili yenye betri iliyopimwa, na nisingehangaika zaidi.

Anayetaka wepesi kuliko vyote atazame ThinkPad X1 Carbon ya toleo la 6. Ina kilo 1.13 na betri ya Wh 57, lakini RAM yake imechomewa. Ukikuta ya GB 8, fikiri mara mbili. Ya GB 16 ni mali.

Kuna familia moja ambayo imeilegeza ile sheria ya shuka. Apple walipotoa MacBook Air ya M1 Novemba 2020, walileta prosesa yenye nguvu kuliko laptopu nyingi za H za wakati huo kwa kazi za kawaida, isiyo na feni, ndani ya kilo 1.29, na betri ya Wh 49.9 ambayo wao wenyewe waliitangaza kwa saa 15 za kuvinjari intaneti. Kwenye kazi za kuandika, siku nzima bila chaja ni jambo la kweli kwa betri iliyo nzima. Lakini zingatia haya. RAM haiongezeki, na nyingi zilizoko sokoni ni za GB 8. M1 inakubali skrini moja tu ya nje. Na programu yako ya kazi iwe inapatikana kwa Mac. Nimemwona mhasibu akiuza MacBook nzuri kwa hasara baada ya mwezi mmoja, kwa sababu mfumo wa hesabu wa ofisi yake unafanya kazi kwenye Windows pekee. Mwenye fedha za mpya, Air ya M4 ya mwaka 2025 inaanzia RAM ya GB 16 na inakubali skrini mbili za nje.

Laptopu za Windows zenye prosesa ya Snapdragon X, zilizoanza kuuzwa katikati ya 2024, nazo zinakaa sana na chaji. Tahadhari ni kwamba prosesa zake ni za aina ya ARM, tofauti na za Intel na AMD, na programu au printa za zamani zinaweza kuzigomea. Mwenye stesheneri yenye printa ya miaka kumi asiziguse.

Kwa mpiga video na msanifu majengo, kubali mzigo. Tafuta prosesa ya H na kadi ya michoro ya NVIDIA, RAM GB 16 au 32, na uwe na soketi. Hata hapa kuna siri: kadi yenye jina lilelile hupewa wati tofauti na watengenezaji tofauti. RTX 3050 ya laptopu inaanzia wati 35 hadi 80, kwa hiyo mashine mbili zenye stika moja zinaweza kupishana sana. Uliza wati. Na ujue kwamba mashine hizi zikiwa kwenye betri hujipunguzia nguvu zenyewe. Nguvu uliyoilipia utaiona ukiwa umechomeka.

Hatua ya 7: Dakika ishirini dukani

Muuzaji mwema hatakunyima dakika hizi. Anayekuharakisha, muage kwa heshima.

Anza kwa kuzima laptopu kabisa na kuiwasha huku ukibonyeza kitufe cha kuingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji hana, iache. Mitumba ya ofisi wakati mwingine huja imefungwa hivyo, na kuifungua ni kazi. Kwenye MacBook hakikisha haina akaunti ya mtu, wala haikuletei ujumbe kwamba inasimamiwa na kampuni fulani. MacBook iliyofungwa na mwajiri wa zamani inaweza kufanya kazi leo, ikakugomea siku utakapoisafisha.

Kisha hakikisha prosesa ndani ya mfumo, usiamini stika. Stika inabanduliwa na kubandikwa. Toa ripoti ya betri kama nilivyoeleza. Chomoa chaja, ongeza mwanga wa kioo, cheza video ya YouTube kwa dakika kumi na tano huku unakagua mengine: vitufe vyote vya kibodi, bawaba, matundu yote ya USB, kamera, spika. Kuchaji kwa USB-C ujaribu kwa chaja yako mwenyewe, kwa kuwa tundu hilo huharibika mapema. Baada ya dakika kumi na tano tazama chaji imeshuka kiasi gani. Ikiwa asilimia 10 zimekwenda, una saa mbili na nusu mkononi, chochote anachosema muuzaji. Weka kiganja chini ya laptopu pia. Ikiwaka moto kwa video tu, feni imejaa vumbi au dawa ya kupoza imekauka. Fundi hurekebisha hilo kwa bei ndogo, lakini liingie kwenye mapatano.

Usiondoke bila risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana kwa maandishi. "Ikisumbua nirudishie, tutaongea" haitoshi.

Wiki ya kwanza

Wiki hiyo ndiyo ya mtihani, dhamana ikiwa bado changa. Chagua siku moja uitumie kama ulivyoandika kwenye karatasi, kuanzia asubuhi, na chaja uiache nyumbani makusudi. Andika saa iliyozima. Ikiwa imepungua kwa saa mbili au zaidi kutoka kwenye hesabu yako, endesha tena ripoti ya betri, uichape, urudi nayo dukani. Ikiwa imefika jioni, ingia kwenye programu ya mtengenezaji, uweke kikomo cha kuchaji asilimia 80 kwa siku unazokaa karibu na soketi, ukiondoe jioni ya kuamkia safari. Na kwenye gari lililoegeshwa juani usiiache, hata kwa dakika za kununua maji.